Jiwe Nyuma ya Shuka

Jumatano, 12 Oktoba 1994. Mawingu upande wa ziwa tangu alfajiri, upepo kidogo, mvua imetishia ikaghairi.

Hayo ndiyo niliyoandika asubuhi ile, kisha nikaacha kwa sababu vidole vyangu vilikuwa na rangi ya bluu na karatasi ilikuwa inachafuka. Mengine nayaongeza sasa. Mimi nimeishia darasa la saba, na sina hakika kama inanipasa kueleza habari za majengo. Lakini katika nyumba ile niliishi miaka mingi, na nikikosea jina la kitu, mwenye kujua atanisamehe.

Nyumba ilikuwa katikati ya mji, mtaa wa pili kutoka sokoni. Ilijengwa wakati wa Waingereza na Mhindi mmoja aliyekuwa akinunua ngozi na pamba. Ghorofa ilikuwa moja tu, kuta nene kiasi kwamba dirishani unaweza kukaa na miguu yako yote ndani. Mbele kulikuwa na baraza ndefu yenye matao matatu, na juu ya matao roshani ya mbao, imetobolewa maua madogo madogo hivi kwamba jua la asubuhi likipita, sakafu nzima ya juu inakuwa kama kitambaa cha lesi. Juu kabisa, chini ya bati, fundi aliandika mwaka wa kujengwa kwa plasta, na kuuzungushia majani.

Huo ndio uso. Ukipita ukumbi mwembamba ukatokea uani, ndipo ulipokuwa unakutana na aibu yetu.

Aibu yetu ilikuwa jiwe. Mwanza kila mtu ana jiwe lake, hilo halishangazi, lakini watu huwa na jiwe nje. Letu lilikuwa ndani. Kubwa kama lori lililosimama kwa matairi ya nyuma, jeusi, na nyumba imelizunguka. Jiko liliegemea jiwe, yaani ukuta wake wa nyuma haukujengwa, ulikuwa ni jiwe lenyewe. Ngazi ya kwenda juu ililikwepa kwa kona. Tulikuwa tunaanikia dagaa pale, na nguo, na kuku wetu alikuwa analala kwenye ufa wake. Watu wa sokoni waliiita nyumba iliyoshindwa na jiwe, na wakikuuliza unakaa wapi ukawaambia, wanacheka.

Tulipanga vyumba vya chini: mimi, mume wangu aliyekuwa fundi wa boti kule ufukweni, watoto, na mama mkwe wangu aliyetoka Misungwi kuja kutibiwa goti akakaa moja kwa moja. Juu alikaa mwalimu mstaafu wa kutoka Bukoba na mke wake. Mwalimu alikuwa anavaa tai hata siku ya kuchota maji.

Na mimi nilikuwa na banda langu. Chini ya tao la kushoto, mume wangu alinizibia kwa mbao kutoka sakafuni hadi juu, akaweka kidirisha na mlango wenye kufuli. Humo niliweka cherehani. Miaka ile mitumba ilikuwa imejaa hadi njiani, na wengi walisema mafundi tutakufa njaa. Haikuwa hivyo kwangu. Watu wananunua suruali ya mzungu mnene kuliko wao, halafu wananiletea niipunguze. Kila siku nilikuwa napunguza wazungu. Kazi ilikuwapo kwa sababu banda lilikuwa hapo, hatua chache kutoka sokoni. Lingekuwa Buhongwa, huko nje ya mji, nani angelifuata?

Naitaja Buhongwa kwa sababu ndiko tulikokuwa tunaelekea. Mwenye nyumba alikuwa ametuambia baada ya Pasaka kwamba mwisho wa mwaka anavunja. Sisi tulikuwa na kiwanja Buhongwa, kina msingi na mihogo.

Mwenye nyumba alikuwa mjukuu wa yule mjenzi, mtu wa makamo, amezaliwa Mwanza, Kisukuma chake kinapita changu mimi Mkerewe. Alitaka kujenga duka la vioo na alumini, mtu akipita aone friji na televisheni zikiwaka. Maduka ya namna hiyo yalikuwa yameanza kuota mjini, na sioni kosa lake. Bati likivuja, yeye ndiye aliyelipa. Hakuwahi kutukatia maji. Alitupa miezi mingi ya kujiandaa, wakati wengine hupewa wiki. Naandika hivi kwa sababu siku zile majirani walimsema vibaya, na mimi pia nilimsema kidogo.

Mwalimu ndiye aliyeleta habari kwamba kuna wataalamu kutoka Dar wanazunguka mikoani wakitafuta nyumba za zamani za kuhifadhiwa. Nyumba ikishaingizwa kwenye hifadhi haivunjwi, na mwenyewe hawezi hata kung'oa dirisha bila ruhusa. Akawatafuta kwa njia zake, jibu likaja kwamba mmoja wao atapita Jumatano. Tukamwambia mwenye nyumba, maana kumficha isingekuwa haki.

"Aje," akasema. "Akiona mnavyoishi humo ataleta tingatinga yeye mwenyewe."

Maneno hayo yalimkaa mama mkwe kifuani. Jumamosi akatuita barazani.

"Mgeni wa serikali anakuja," akasema, "na nyumba ina sura ya mgonjwa. Mwenge wa Uhuru ukipita kijijini kwetu mnafanya nini?"

Hakuna aliyehitaji kufikiri. Sote tumekulia shuleni tukipaka chokaa mawe ya njiani na miti hadi kiunoni kila kiongozi anapokuja. Mwalimu alisema yeye mwenyewe amesimamia kazi hiyo miaka yote ya ualimu, na hakuna kiongozi aliyewahi kulalamika.

Tukapaka. Chokaa tulikoroga na chumvi ili ishike, tukapiga kuta zote za mbele, na nguzo, na mawe ya ukingo wa mtaro. Banda langu lilikuwa limejaa nguo za watu, kwa hiyo tulilipita. Kwa roshani, mume wangu alileta rangi ya boti kutoka kazini, bluu, ile ambayo ikikauka hata ziwa haliiondoi. Ilikuwa nzito. Ilijaza vile vitundu vya maua kimoja baada ya kingine, na mwalimu akasema vizuri, vumbi halitapita. Yeye mwenyewe alipanda ngazi akaupaka mwaka wa plasta mara mbili, ili usomeke kutoka mbali.

Niseme kweli, ilipendeza. Wapita njia walisimama.

Likabaki jiwe. Kulipaka haikuwezekana, chokaa ilikuwa imekwisha. Mama mkwe akatoa shuka zake zote, na za kwangu, na mbili za mke wa mwalimu, tukafunga kamba toka ngazini hadi jikoni na kuziangika. Ukitokea uani unakutana na maua mekundu na njiwa wawili wanaobusiana.

"Hata mimi sijui kama kuna jiwe hapo," mama mkwe akasema.

Mtaalamu alikuja Jumatano saa nne, kwa miguu, na kamera kubwa shingoni. Mwenye nyumba alikuwa amefika mapema, ameegemea pikapu yake ng'ambo ya njia. Mama mkwe alishatandika kitambaa kwenye meza ya baraza na kupanga soda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu kiti. Kunywa kwanza, maneno yatakukuta."

Akanywa, ndiyo heshima. Kisha akatoka njiani, akatazama roshani. Alitazama muda mrefu. Mwalimu akaninong'oneza, "Amependa."

"Hii bluu ni ya zamani?" mtaalamu akauliza.

"Ya Jumatatu," mama mkwe akajibu.

"Na chini yake kulikuwa na nini?"

"Uchafu."

Akatikisa kichwa taratibu. "Na hapo juu, si palikuwa na mwaka?"

"Upo, bwana," mwalimu akasema, akirekebisha tai. "Tumeuimarisha."

Sote tukatazama juu. Tarakimu zilikuwa zimevimba kama mikate, huwezi kujua ipi ni tisa na ipi ni sita. Hadi dakika ile sikuwa nimeliona hilo. Ng'ambo ya njia mwenye nyumba alikuwa anacheka bila sauti.

"Nilitaka kukuonya, bwana mkubwa," akamwambia mtaalamu. "Wapangaji wangu ni wasafi kupita kiasi."

Mtaalamu akarudi barazani akakaa. Hakuwa na ukali, na nadhani hilo lilitutisha zaidi.

"Wazee wangu," akasema, "mimi kazi yangu ni kuangalia kilichobaki. Mkikifunika, nikifika Dar nitasema nini? Nimeona ukuta mweupe na boti."

Mama mkwe, ambaye akikosa la kusema anakaribisha, akamfungulia soda ya pili. Akamwekea biskuti. Mtaalamu alikunywa akiwa anafunga kamera yake kwenye mfuko wake, na mimi nikawa natazama ule mkono unavyovuta zipu, nikaiona mihogo ya Buhongwa, na cherehani langu katikati yake. Mama mkwe akafungua ya tatu.

"Mama, inatosha. Kwanza, naomba kujua msalani ni wapi."

Choo kilikuwa uani, nyuma ya jiwe.

"Ngoja kidogo tupaandae," mama mkwe akasema.

"Mama, soda hizi haziwezi kungoja."

Akapita ukumbini. Tukabaki tunatazamana. Muda ukaenda. Mwenye nyumba akavuka njia akaja kukaa nasi, akamsalimia mama mkwe kwa Kisukuma.

"Bibi, mgeni wako umemfanya nini?"

"Mjukuu wangu, nadhani soda zimemkamata," mama mkwe akasema kwa huzuni. "Mwalimu, nenda ukamsikilize mlangoni, wewe ni mwanaume mwenzake."

Mwalimu akaenda. Naye hakurudi. Ndipo tukainuka wote, tukafuatana kama watu wanaokwenda msibani.

Shuka lenye njiwa lilikuwa chini. Mtaalamu alikuwa amepiga magoti kwenye mawe ya ua, shavu lake ameliweka juu ya jiwe, jicho moja amefumba, anatazama mfereji uliochongwa mgongoni mwa jiwe hilo. Dagaa wetu alikuwa amewasogeza pembeni kwa adabu. Mwalimu amesimama nyuma yake ameshika kamera.

"Nani alificha hiki?" mtaalamu akauliza bila kuinuka.

"Mama mkwe," nikasema, maana ilikuwa kweli. Nikaongeza kwamba kamba nilifunga mimi.

Alikuwa amesahau hata haja yake, nafikiri. Akatuzungusha katika ua wetu wenyewe kama sisi ndio wageni. Mfereji ule, ambao watoto walikuwa wanaupitishia vibuyu vya mchezo, unachukua maji ya bati lote na kuyaleta kwenye tangi la chini ya ngazi, kwa hiyo nyumba inakunywa mvua yake. Boriti la jiko halikukaa juu ya ukuta, limekaa kwenye kidato, yaani pengo lililochongwa ndani ya jiwe. Ngazi haikukwepa jiwe kwa bahati mbaya. Kila kipandio kimekatwa kufuata tumbo lake, hakuna viwili vinavyolingana. Nilikuwa nimejikwaa kwenye ngazi ile mara nyingi nikimlaumu fundi kuwa mlevi.

"Mbele ni uso tu," mtaalamu akasema. "Nyumba yenyewe iko huku."

"Babu yangu walimcheka mji mzima," mwenye nyumba akasema. Alikuwa ameweka mkono kwenye ufa, pale kuku anapolala. "Aliwasha moto hapa siku nyingi, akamwaga maji ya baridi ili lipasuke. Likatoa huu ufa tu, basi. Kuni zikaisha, subira ikaisha. Akamwambia fundi, jenga nalo."

"Kumbe weusi huu ni wa moto wake," nikasema. Nilikuwa najua ni moshi wa jikoni.

"Wa kwake, na wa kwenu juu yake."

Tulipokuwa tunarudi mbele mwenye nyumba alitembea nyuma ya wote.

Barazani mtaalamu alitoa tena kamera, akatazama mawingu, akasema mwanga bado unatosha. Kisha akaniuliza, "Hili banda ni la nani?"

"Langu."

"Fundi, nitasema wazi. Mimi nitaandika kwamba nyumba hii ihifadhiwe. Lakini wakubwa wangu hawatakuja huku, watatazama picha. Chokaa itatoka. Rangi ya boti itakwanguliwa, Mungu amsaidie atakayekwangua. Lakini kwenye tao lililozibwa wataona nyumba iliyokwisha kuharibiwa. Na hata ikikubaliwa, banda hili halitaruhusiwa kubaki. Nataka matao yote matatu, leo."

Wote wakanitazama. Mwenye nyumba ndiye aliyesema kwanza.

"Fundi, usiharakishe. Mimi sijawahi kukuambia ulivunje."

Nimejiuliza mara nyingi kama alisema kwa wema au kwa faida yake, maana nikikataa nyumba ingekuwa yake ya kuvunja. Nadhani ni yote mawili, na sioni kwa nini mtu asiwe nayo yote mawili kwa wakati mmoja.

Ukihesabu juu juu, jambo lilikuwa jepesi: banda lingekufa mwisho wa mwaka hata hivyo. Lakini vyumba vilikuwa vya kupanga, na mji wa watu. Banda lilikuwa kitu pekee chenye kufuli ambacho ufunguo wake nilikuwa nao mimi peke yangu. Ndani ya zile mbao mtu alikuwa haniulizi kitu. Nilikuwa nafunga mlango saa nane mchana, nakula chungwa, natoka.

"Mkamwana," mama mkwe akasema, sauti ya chini, "usituangalie sisi. Sisi tutakwenda popote. Goti langu limeshazoea kusafiri."

Hakuwa ametengeneza maneno hayo ili yanisukume, ila yalinisukuma.

"Mwalimu," nikasema, "nyundo iko chini ya kitanda chetu."

Tulitoa cherehani kwanza, kisha suruali za watu, tukazirundika mezani kati ya chupa za soda. Misumari ya mume wangu ilikataa. Alikuwa ameipiga kwa mkono wa mtu wa boti, hakutaka maji yaingie. Mwalimu alivua tai, jambo ambalo sijaliona kabla wala baada. Mwenye nyumba alisimama kidogo, akakunja mikono ya shati, akashika ubao wa upande wa pili. Simsifu kupita kiasi. Nasema alishika ubao.

Ubao wa mwisho ulipotoka, nyuma yake ukuta ulikuwa haujaguswa na chokaa yetu. Rangi ya zamani ilikuwa pale pale, ya manjano kama mtama ulioiva, na chini mstari mwekundu wenye majani madogo, yale yale yaliyouzunguka mwaka kule juu. Mtaalamu akapiga picha ile kwanza, karibu kabisa.

"Ona sasa," mama mkwe akasema. "Uchafu wenyewe huo."

Mtaalamu akapiga na matao yote matatu, na kabla hajaondoka akaenda msalani kwa kweli.

Jibu lilikuja mwaka uliofuata, masika yakiwa yamekwisha, na mwenye nyumba alikuwa amelingoja bila kuvunja: nyumba haivunjwi. Mwenye nyumba aliniletea habari mwenyewe. "Nimefungwa goli uwanja wa nyumbani," akasema, akaomba maji ya kunywa. Duka lake la vioo alilijenga mtaa mwingine, na lilimwendea vizuri, nafurahi kusema. Mume wangu alikwangua roshani Jumapili nyingi sana. Vitundu vingine bado vina bluu, na asubuhi jua likipita unaona nukta chache za bluu sakafuni juu. Mke wa mwalimu alikuwa anazipenda.

Mimi nilishonea chini ya tao, wazi. Siwezi kusema ilikuwa nafuu. Vumbi liliingia kwenye mashine, mvua ya upepo ilinifukuza na suruali za watu mikononi, na kila jioni nilibeba cherehani ndani. Mwanga ulikuwa mzuri zaidi, hilo nalikubali. Na chungwa langu nilianza kula uani, mgongo nimeegemeza kwenye jiwe, ambalo saa nane mchana linakuwa bado na ubaridi wa usiku.

Lakini hayo ni ya baadaye. Jumatano ile jioni mume wangu alirudi kutoka ufukweni, akakuta tao liko wazi, akasimama. Nilimweleza. Akauliza misumari iko wapi, nikampa kwenye kopo, akaanza kuinyoosha mmoja mmoja. Mama mkwe alikuwa ameahidi kununua sato kwa ajili ya siku ya mgeni, lakini sokoni alikuta wamekwisha, akarudi na mapanki, ile mifupa na vichwa vya sangara vinavyobaki viwanda vikishachukua minofu. Alichanja mbao za banda langu, akawasha jikoni, na moto ukalamba jiwe kama kawaida yake. Tukala ugali wa muhogo na mchuzi wa mapanki wenye nyanya na limau. Wa juu walikula nasi. Kichwa kikubwa, ambacho siku zote ni cha mume wangu, mama mkwe alikiweka kwenye sahani yangu.